Jinsi ya Kuwa Bingwa wa Samaki wa Vilindini Bila Kutoka Kasulu

Wengi wanaoutafuta ubingwa wa samaki hapa Kasulu wanaharibu mwanzoni kabisa: wanachagua samaki anayejulikana. Mtu anakaa kijiweni, anaagiza kahawa, anaanza kutoa elimu ya mgebuka. Mgebuka! Samaki anayepandishwa kutoka Kigoma tenga kwa tenga, ambaye mama anayemuuza sokoni anajua amebanikwa lini, amelala njiani mara ngapi na anataka mawese kiasi gani. Fungua mdomo mbele ya mama huyo uone. Utasahihishwa papo hapo, tena kwa Kiha, tena mbele ya wateja. Kuhe na sangala nao wana wenyewe. Dagaa ndiyo kabisa usiwaguse. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, hata watu waliokuwa kimya siku zote waligeuka wahadhiri wa dagaa, na hawajanyamaza mpaka leo.

Bingwa mwenye akili huchagua samaki ambaye Kasulu hajaonwa, Kigoma hajaonwa, na hata Unguja, ambako ndiko kwao, wanaoweza kusimama na kusema "mimi nimemwona akiogelea" wanaenea kwenye daladala moja na viti vinabaki. Samaki huyo yupo. Anaitwa Cirrhilabrus wakanda.

Jina hilo lifanyie mazoezi kabla ya kulitumia. Panda nalo mlima wa Heru Juu polepole, ukilirudia silabi kwa silabi. Ukifika juu litakuwa limekaa mdomoni. Usiogope kukosea matamshi. Kilatini siku hizi hakina mwenyewe, na hapa mjini hakuna atakayekusahihisha isipokuwa padri, na padri ana kazi nyingine.

Sasa beba mambo ya msingi kichwani, maana bila hayo utaumbuka mapema. Samaki huyu alitangazwa kwa ulimwengu wa wasomi mwezi Julai 2019, katika jarida la ZooKeys, na watafiti wanne: Yi-Kai Tea, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Sydney, pamoja na Hudson Pinheiro, Bart Shepherd na Luiz Rocha wa California Academy of Sciences ya kule San Francisco. Alipatikana kwenye miamba ya matumbawe ya Zanzibar, kati ya mita 50 na 80 chini ya maji, katika ukanda ambao mwanga wa jua unafika ukiwa hoi. Ni jamaa wa pono, ila mdogo: anaenea kiganjani na nafasi inabaki. Magamba yake yana zambarau kali, na zambarau ya gamba moja imeungana na ya gamba jirani mpaka mwili unaonekana umevishwa mnyororo. Watafiti walipouona mnyororo huo walikumbuka mavazi ya kwenye filamu ya Black Panther ya mwaka 2018. Wakaikumbuka na Wakanda yenyewe, ile nchi ya kufikirika iliyojificha Afrika na mali zake, wakaona miamba hii nayo imejificha vivyo hivyo. Jina likapita. Hata jina la kawaida walilompa kwa Kiingereza walilichukua kwenye madini ya filamu hiyo hiyo, vibranium.

Jambo hili la Wakanda liweke pembeni kwa sasa. Tutalichukua baadaye, maana ndimo mali yetu ilimo.

Swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: "Wewe bahari umeiona wapi?" Litaulizwa na mtu aliyewahi kufanya kazi Dar es Salaam, na atalitoa akiwa ameegemea nyuma. Ni swali la haki. Kasulu ipo zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapa hadi Unguja ni kama kilomita elfu moja kwa mstari ulionyooka, na barabara zetu hazijawahi kusikia habari za mstari ulionyooka.

Usijibu kwa hasira. Mwagizie muulizaji kikombe kingine, kisha mpe habari za J.E.S. Moore. Huyu alikuwa mwanabiolojia wa Kiingereza aliyefika Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1890 akifuatilia jambo lililowasumbua wasomi wa Ulaya. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm alikuwa amemwona ziwani konyeza, yule mnyama wa mwili laini wa majimaji ambaye kila mtu alimjua kuwa wa baharini. Konyeza kwenye maji baridi, katikati ya bara! Moore alipofika akakuta na konokono ambao makombe yao yalifanana mno na makombe ya bahari za kale. Akapiga hesabu zake, akahitimisha kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari, mkono wa bahari ya enzi za kale sana uliokatika ukabaki huku bara peke yake. Aliandika kitabu kizima, *The Tanganyika Problem*, kikachapishwa mwaka 1903.

Hapo unanyamaza, unakunywa kahawa. Mpinzani ameshaelewa kwamba, kwa mujibu wa kitabu cha Mwingereza, bahari ni sisi, na wao wa pwani wamebakiwa na kipande tu.

Kuna sehemu ya pili ya hadithi hii, kwamba watafiti waliofuata walimpinga Moore wakashinda. Ziwa lina umri wa mamilioni ya miaka na halikuwahi kuwa bahari. Konokono wale walijitengenezea sura ya kibahari humo humo ziwani, kizazi baada ya kizazi. Sehemu hii usiitaje mpaka uulizwe, na Kasulu hutaulizwa.

Akiendelea kukubana kwamba bahari ni chumvi na ziwa halina chumvi, mwelekeze Uvinza. Hapo mahali Mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi kuna chemchemi za maji ya chumvi, na watu wamechemsha chumvi hapo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ndiyo maji ya chumvi ya karibu zaidi na wewe. Mafunzo yako ya vitendo utayafanyia huko: onja, tema, rudi nyumbani na cheti cha moyoni.

Lakini ukimtaja Ruchugi, hakikisha hapo kijiweni hakuna ramani. Ramani ina siri mbaya. Maji ya huku kwetu yanashuka na Ruchugi hadi Malagarasi, Malagarasi inamwaga Ziwa Tanganyika, ziwa linatokea upande wa Kongo kwa Mto Lukuga pale Kalemie, na Lukuga unaungana na mto mkuu wa Kongo unaokwenda kumwaga Bahari ya Atlantiki. Maana yake ni kwamba mvua ikinyesha Kasulu inaelekea upande wa Angola. Samaki wako yupo Bahari ya Hindi. Wewe ni bingwa wa bahari isiyokuhusu hata kwa mfereji wa maji machafu. Hakuna jibu la hoja hii. Ukunje ramani, uketi juu yake.

Tuje kwenye vifaa. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu vifaa ndivyo vinavyomtenga bingwa na mbabaishaji, nawe unatakiwa uvijue vyote bila kumiliki hata kimoja. Mtalii wa Nungwi mwenye mtungi mgongoni mwisho wake ni mita 40. Zaidi ya hapo hewa hii tunayoivuta bure inaanza usaliti. Kwenye mita 80 mwili unabeba mgandamizo mara tisa ya ule wa juu ya maji. Naitrojeni iliyomo hewani inamlewesha mzamiaji bila tone la rubisi, na oksijeni, ambayo sote tunaiheshimu, ikigandamizwa kupita kiasi inakuwa sumu. Kwa hiyo wanaokwenda huko hupunguza vyote viwili na kuchanganya heliamu, gesi ya maputo. Wanavaa mtambo unaoipokea pumzi waliyoitoa, unachuja kabonidayoksaidi, unaongezea oksijeni iliyopungua na kuwarudishia waivute tena. Mapovu hayatoki, kelele hakuna, samaki hashtuki. Jambo la kukumbuka ni kwamba heliamu huifanya sauti ya mtu kuwa nyembamba ya kitoto. Ukikutana na mtu anayesimulia vilindi kwa sauti nzito sana, mtilie shaka.

Kushuka ni dakika chache. Shughuli ni kupanda. Gesi iliyoyeyuka mwilini inatakiwa itoke taratibu. Mzamiaji akikimbilia juu inatoka kwa mapovu ndani ya damu, na mwisho wake ni kupooza au kaburi. Hivyo wanapanda kwa vituo, wananing'inia majini saa kadhaa bila kufanya lolote. Mtu wa Kibondo aliyewahi kusafiri kwa basi masika, kabla ya lami, anaielewa elimu hii bila kufundishwa.

Samaki naye ana matatizo hayo hayo. Ana kibofu cha hewa tumboni, na akivutwa juu haraka kinavimba mpaka kinamuua. Watafiti wa San Francisco walilitatua hilo kwa kutengeneza chombo ambacho samaki anafungiwa humo akiwa bado kilindini, analetwa juu na mgandamizo wake, kisha unapunguzwa kidogo kidogo mpaka azoee maisha ya huku. Ni huduma nzuri. Wapo wanadamu wengi waliohamishwa ghafla kutoka vijijini kwao ambao hawakupewa hata nusu yake.

Wewe unahitaji miwani ya kuogelea tu. Itundike ukutani nyuma ya kiti chako, mahali mgeni ataiona. Usiivae. Mtu mzima akivaa miwani ya kuogelea katikati ya soko la Kasulu atapewa jina, na jina hilo atazikwa nalo.

Kuhusu rangi, kariri mambo mawili. La kwanza, maji yanameza rangi nyekundu mapema. Ukifika kwenye utusitusi wa mita 60 kilichobaki ni buluu, na samaki mwekundu huonekana mweusimweusi. Kwa hiyo picha zote za kupendeza zimepigwa kwa taa, na samaki mwenyewe huenda hajui amependeza kiasi hicho. La pili ndilo la kuweka akiba kwa ajili ya siku ya kushindwa hoja. Samaki wengi wa rangi wakihifadhiwa kwenye spiriti ya makumbusho hupauka wakawa weupe wa kutisha. Huyu hapana. Zambarau yake inabaki. Ukilisema hili karibu na wauza vitenge watakuacha mtaalamu ukiongea, waanze kukuuliza rangi hiyo inapatikana duka gani.

Habari ya jinsia ipime kabla ya kuitoa. Kama ilivyo kwa ndugu zake wa jenasi ya Cirrhilabrus, maisha huanza jike. Dume mmoja mwenye rangi kali hutawala kundi la majike, na akiondoka, jike mkubwa kuliko wenzake hugeuka dume na kushika nafasi. Kwenye kikao cha mahari usiyaseme haya kabisa. Kijiweni unaweza kujaribu, ila uwe tayari, kwa sababu hapo huwa hakosekani mzee mmoja anayesubiri. Atakuambia: "Kijana, Heru hii ilitawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, enzi za Mwingereza. Na hakuhitaji kugeuka kitu." Ukishajibiwa hivyo, sema "shikamoo mzee" na uhamie kwenye mada nyingine. Bahati nzuri mada yenyewe ameshakufungulia: falme, pamoja na ile Wakanda tuliyoiweka pembeni.

Maana Wakanda haipo. Iliumbwa mwaka 1966 na Wamarekani wawili, Stan Lee na Jack Kirby, kwenye kitabu cha katuni. Kwenye filamu raia wake wanazungumza Kixhosa cha Afrika Kusini, na wachoraji wakiitia kwenye ramani huiweka Afrika Mashariki, bara, bila pwani. Soma tena hayo maneno mawili ya mwisho. Nchi isiyokuwepo, isiyo na hata mita moja ya ufukwe, imepewa samaki wa matumbawe ya Zanzibar. Basi Kasulu, ambayo ipo, na ufukwe haina vile vile, imekosa nini?

Hii ndiyo hoja yako kuu. Usiitumie siku ya kwanza. Siku utakapoitumia, itandaze vizuri: huku Buha falme zilikuwepo kweli. Heru hapa. Bushingo. Muhambwe huko Kibondo, Buyungu huko Kakonko. Kila ufalme na Mwami wake, ng'ombe wake na ugomvi wake wa mipaka. Hakuna hata mmoja uliopewa samaki. Hata konokono wa Moore hatukugawiwa. Kama sifa inayotakiwa ni kujificha barani na kutojulikana na wakubwa, tumejificha kwa bidii kuliko Wakanda. Reli yenyewe ilifika Kigoma mwaka 1914 ikaona imetosha.

Mimi binafsi jina la Wakanda silichukii. Kazi limefanya: magazeti ya dunia nzima yalimwandika samaki wa ukubwa wa kidole kwa sababu ya filamu. Angeitwa Cirrhilabrus heruensis angesomwa na watu kumi na mmoja, wanne kati yao wakiwa waandishi wenyewe. Ila lipo la kutazama kwa jicho la pembeni. Mwaka 2022 ndugu yake mwingine alipewa jina huko Maldivi, Cirrhilabrus finifenmaa, neno la Kidhivehi lenye maana ya waridi, na miongoni mwa waandishi alikuwemo Mmaldivi, Ahmed Najeeb. Mtafiti mkuu ni yule yule Tea. Kwa hiyo inawezekana. Kwenye andiko la samaki wa Zanzibar yapo majina manne na la Mzanzibari halimo. Natoa taarifa tu, sijakasirika.

Usijaribu kulibadilisha. Sheria za majina ya wanyama zinahesabiwa tangu kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1758, na msingi wake ni kwamba aliyewahi amewahi. Jina la kwanza likishachapishwa kwa utaratibu linakaa, hata likiwa la kuchekesha, hata kama Kasulu wamelikataa kwa kauli moja. Lakini sheria hizo zinatawala Kilatini tu. Jina la Kiswahili halina polisi. Hapo una uwanja.

Utaunda kamati ya jina. Itakwenda hivi. Wa kwanza atapendekeza Mnyororo, kwa sababu ya magamba. Mzee mwenye asili ya Ujiji atakataa: mnyororo njia ile ya Ujiji hadi pwani una historia yake, na si ya kumpa samaki mzuri. Kimya kitapita, kwa sababu ana haki. Wa pili atapendekeza Mwami. Wote watapiga makofi, mpaka mtu wa Kibondo aulize, Mwami wa wapi? Wa Heru au wa Muhambwe? Kikao kitaahirishwa hapo na hakitaitishwa tena. Usisikitike. Kamati imefanya kazi ya kamati.

Ubingwa bila mradi ni porojo, kwa hiyo hatua inayofuata ni kuandika andiko la mradi. Mazingira yanaruhusu. Tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ifunguliwe mwaka 1996, Kasulu imezoea magari meupe yenye antena, semina za siku tatu na karatasi kubwa zilizobandikwa ukutani ambazo hakuna azisomaye. Mji unajua chai ya saa nne inavyotakiwa kuwa. Kichwa cha andiko kiwe kirefu na kitaje jamii, ustahimilivu na nyanda za juu. Samaki mtaje mara moja, ukurasa wa mwisho, karibu na posho.

Mfadhili mwerevu atauliza wananchi wa Kasulu wanamhusu vipi samaki wa Zanzibar. Jibu plastiki. Pinheiro, yule yule wa samaki wetu, aliongoza utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kuhusu plastiki kwenye miamba ya matumbawe duniani, na wakakuta kwamba kadiri walivyoshuka ndivyo takataka zilivyoongezeka, zikizidi kwenye ukanda huo huo wa utusitusi. Sehemu kubwa ilikuwa vifaa vya uvuvi, kamba na nyavu na mishipi iliyokatika. Ongeza kwamba Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, wiki chache kabla samaki huyu hajapewa jina. Tarehe hizo mbili hazina uhusiano wowote, lakini zikikaa kwenye aya moja zinapendeza. Na tafadhali, ile ramani ya Ruchugi isitoke mahali ulipoikalia. Wafadhili wanapenda ramani.

Akikataa Zanzibar kabisa na kutaka samaki wa karibu, uwe na wa akiba. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, ila oksijeni inaishia mapema, mita mia na kitu mpaka mia mbili na kitu. Chini ya hapo ni giza lisilo na samaki hata mmoja. Juu kidogo ya mpaka huo wanaishi Trematocara, samaki wadogo wenye macho makubwa, wanaoshinda kwenye kina mchana na kupanda kuelekea ufukweni usiku kutafuta chakula. Boulenger wa London aliwapa jina hilo mwaka 1899. Ni wadogo, wa kina kirefu, hawana pwani na hawana filamu. Kwa mtu wa Kasulu wanafaa kuliko wa Zanzibar kwa kila kipimo, na ndiyo sababu usianze nao: wapo wavuvi wa Kigoma wanaoweza kukusahihisha.

Lipo na swali ambalo halina maandalizi. Litatoka kwa mama wa migebuka, aliyekuwa kimya muda wote akifukuza nzi. "Huyo samaki wako analiwa?" Hapo Kilatini hakisaidii, wala heliamu. Jibu kwamba ni mdogo mno, sahani moja ingemaliza ukoo. Atakuuliza dagaa je, ni wakubwa? Nunua migebuka miwili, lipa bila kuomba punguzo, uondoke.

Hatari kubwa kuliko zote ni siku atakapotokea kijiweni mgeni kutoka Unguja. Sisemi mfanyakazi wa ofisi wa Unguja, huyo atakuwa hajui zaidi yako, na ukimuuliza "wewe uliishia mita ngapi?" atanyamaza. Namsema mvuvi, mtu wa mshipi, aliyekuja huku kwa msiba au kwa biashara. Huyu mshipi wake umefika mahali ambapo mitungi ya watalii haifiki. Jikumbushe samaki aitwaye gombessa. Wasomi walishangilia mwaka 1938 alipovuliwa Afrika Kusini samaki waliyeamini alikwisha toweka pamoja na dinosaria. Mwaka 1952 alipopatikana wa pili huko Anjouan, ikaonekana Wangazija na wenzao wa visiwani walikuwa wanamvua siku zote, jina wanalo, na nyama yake hawaipendi. Kuanzia 2003 akaanza kunaswa na majarife ya wavuvi wa Kilwa na Tanga, mpaka Tanga ikatengewa hifadhi ya bahari kwa ajili yake mwaka 2009.

Kwa hiyo mvuvi huyo akifika, miwani itoe ukutani uifiche. Mkaribishe kiti chako. Mlipie kahawa na kashata, mwulize habari za nyumbani, za pepo, za bei ya barafu. Yakishapita yote hayo mwulize polepole kama amewahi kuona kisamaki cha zambarau, cha mnyororo, kutoka maji meusi. Akisema hajawahi, ubingwa wako umesalimika. Akisema "kile? kile sisi tunakiita…" mwambie asubiri kwanza, toa daftari, andika tarehe, andika mahali, na juu kabisa, kabla ya jina la samaki na mbali na jina la mvuvi, andika jina lako.